Umemkopesha mwenye biashara ndogo na sasa halipi: hatua za kufuata

Mwenye biashara ndogo anapochelewa kulipa, wengi hukimbilia swali moja: pesa yangu lini? Ni swali halali, ila mara nyingi ndilo linaloharibu mambo. Wiki za mwanzo za kuchelewa, mdaiwa bado ana haya. Anapokea simu, anaomba radhi, anakiri deni kwa mdomo wake mwenyewe. Huo ndio wakati wa kumdai kitu ambacho hata asiye na senti mfukoni anaweza kukupa: maandishi. Miezi 6 baadaye haya imeisha, simu haipokelewi, na kauli imegeuka kuwa "tulisaidiana tu".

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekopesha kwa nafsi yake: ndugu, rafiki, jirani, mfanyakazi mwenza. Benki na taasisi za mikopo zina wanasheria wao.

Hatua ya 1: Kabla ya kupiga simu, weka hesabu sawa

Chukua karatasi, ichore safu nne: tarehe, kilichotoka, kilichorudi, salio. Jaza kila muamala, hata ile hela ndogo ya "niongezee ya kusafirishia mzigo". Mikopo ya watu wanaojuana hutoka vipande vipande na kila mmoja hubaki na hesabu yake kichwani. Ukienda kudai bila karatasi hiyo, mtagombania hesabu na deni lenyewe litasahaulika.

Kisha kusanya ushahidi: makubaliano kama yapo, taarifa ya benki au ya miamala ya simu, risiti, jumbe mlizotumiana, majina ya walioshuhudia. Jumbe usizikate kipande. Hifadhi mazungumzo yote kwa mfululizo, tarehe na namba zikionekana, kwa sababu picha ya ujumbe mmoja uliochomolewa katikati ni rahisi kuikana. Nakala ikae mahali pengine, si kwenye simu tu.

Ukiwa hapo, jiulize swali ambalo wengi hulikuta mahakamani kwa mara ya kwanza: ulitoa mkopo, au ulitia mtaji? Mkopo hurudi, biashara ipate au ikose. Aliyetia mtaji hula faida na hubeba hasara. Kama mlisema "tutagawana faida" au "tuikuze pamoja", mdaiwa mjanja atasimama hapo na kusema biashara imekufa, basi na wewe umepata hasara kama yeye. Pitia jumbe za siku ile pesa ilipotoka. Neno "nikopeshe", "nitakurudishia" au tarehe ya kulipa lina thamani kubwa kuliko maelezo marefu utakayoandika leo.

Hatua ya 2: Jua unamdai nani hasa

Unaweza kumfahamu mtu miaka mingi, ukampa pesa uso kwa uso, na bado kisheria asiwe yeye unayemdai.

Kama biashara ni ya mtu mmoja na jina la duka ni jina tu, deni ni lake binafsi. Kama ni ubia wa kawaida, kwa kawaida wabia wote wanawajibika kwa madeni ya ubia. Lakini ikiwa ni kampuni yenye dhima ya kikomo na pesa iliingia kwenye akaunti ya kampuni, basi mdaiwa ni kampuni, na nyumba au gari la mwenyewe huligusi, isipokuwa kama alitia sahihi kuidhamini kampuni yake.

Kanuni hii ilithibitishwa na kesi ya mfanyabiashara wa viatu. Aron Salomon alikuwa na kiwanda cha mabuti London, na mwaka 1892 akaigeuza biashara yake kuwa kampuni, wanahisa wakiwa yeye na familia yake. Sehemu ya malipo ya biashara hiyo alilipwa kwa hati za deni zenye dhamana juu ya mali ya kampuni. Kampuni ikaanguka. Mfilisi, yaani aliyewekwa kukusanya mali ya kampuni na kuwalipa wadai, akataka Salomon mwenyewe abebe madeni ya wadai wasio na dhamana. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa Uingereza wakati huo, likakataa: kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Uamuzi huo, unaotajwa kwa mwaka 1897, umefuatwa katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza. Wadai wasio na dhamana waliondoka mikono mitupu. Kwa hiyo angalia: pesa ilitumwa akaunti ya nani, nani alitia sahihi, na alitia kama yeye au kama mkurugenzi.

Mke au mume wa mdaiwa, kwa kawaida, hadaiwi kwa sababu tu ya ndoa. Na mdaiwa akifariki, madai huelekezwa kwa msimamizi wa mirathi. Usiwafuate watoto wake mmoja mmoja.

Hatua ya 3: Pata kukiri kwake kwa maandishi

Anza na ujumbe wa kistaarabu. Mfano:

"Habari za kazi, kaka. Nakukumbusha ule mkopo wa 1,200 niliokupa tarehe 3 Machi kwa ajili ya mzigo. Umesharudisha 300, imebaki 900, na tulikubaliana ungemaliza tarehe 30 Juni. Najua biashara imekuwa ngumu. Naomba unithibitishie kama na kwako hesabu ndiyo hiyo, halafu tukae wiki hii tupange namna ya kumalizia."

Tazama unachouliza mwishoni: hesabu, si pesa. Mtu asiye na pesa hukwepa swali la pesa, ila swali la hesabu hulijibu bila kufikiri: "Ni kweli kaka, imebaki 900, nivumilie." Jibu hilo moja limekubali kiasi, limekubali kuwa ni mkopo, na limekubali kuwa ni wake. Akijibu "nitakutafuta", hajakiri wala hajakana. Mrudishie swali lile lile kesho yake, kwa sauti ile ile.

Usiishie kwenye simu. Mkikutana, nenda na hati fupi ya kukiri deni, nusu ukurasa inatosha: majina kamili, namba za vitambulisho, kiasi kilichobaki, pesa ilitolewa lini na kwa njia gani, sahihi zenu na za mashahidi wawili. Mashahidi wawe watu wazima wasio na masilahi katika deni.

Hati hii ina kazi nyingine. Haki ya kudai mahakamani ina ukomo wa muda, na saa huanza kuhesabu tangu siku deni lilipopaswa kulipwa. Kenya, dai la mkataba lina miaka 6, sawa na Uingereza na Wales; Scotland ni 5; Afrika Kusini, kwa deni la kawaida, ni 3; Ujerumani ni 3 pia, lakini huhesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka dai lilipozaliwa. Katika nchi nyingi, mdaiwa akikiri deni kabla muda haujaisha, au akilipa hata sehemu yake, hesabu huanza upya. Sheria za baadhi ya nchi hutaka kukiri kuwe na sahihi, ndiyo maana karatasi ni bora kuliko ujumbe. Kwa sababu hiyo hiyo, yeye akikuletea hata kidogo, pokea, na mwandikie risiti inayosema "sehemu ya malipo ya deni la 900".

Hatua ya 4: Hawezi, au hataki?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kila uamuzi unaofuata unategemea jibu la swali hili, na jibu hulipati kwa kusikiliza maelezo yake. Nenda kwenye biashara. Nenda siku ya kazi, saa ambayo wateja huwa wengi, na ukae kidogo.

Angalia rafu. Biashara inayougua huonekana kwenye mzigo: bidhaa zinazotoka haraka zimeisha na hazijarudishwa, zilizobaki ni zile zisizonunulika. Angalia kama msaidizi aliyekuwepo bado yupo. Uliza pango limelipwa hadi lini. Rafu zikiwa zimejaa, wateja wanapishana na kaongeza chombo kipya, basi pesa ipo, ila wewe umewekwa nyuma ya foleni. Huyo ni wa aina nyingine, ruka hadi barua ya madai.

Kama kweli anataabika, muombe akufungulie daftari. Usimhoji kama polisi. Mwambie unataka kujua atakachoweza ili usimpangie asichoweza. Uliza mambo matatu: kwa wiki anauza kiasi gani, nani wengine wanamdai, na nani wanadaiwa na yeye. La tatu husahaulika na ndilo lenye pesa mara nyingi. Wafanyabiashara wadogo wengi hawafi kwa kukosa wateja. Wanakufa kwa kukopesha wateja. Faida ipo kwenye daftari, droo haina kitu. Ukikuta mteja mmoja mkubwa anadaiwa na mdaiwa wako, mnaweza kukubaliana kwa maandishi kuwa deni hilo lihamishiwe kwako, na mteja ajulishwe kwa barua kwamba malipo yake yaje kwako hadi kiasi fulani. Ni njia halali inayotambuliwa katika mifumo mingi ya sheria, na inakutoa kwenye kumkamua mtu aliyekauka.

Jihadhari na jibu la "kuna hela kubwa inakuja". Omba kuona inatoka wapi: oda, mkataba, ankara. Kama hakuna karatasi hata moja, ihesabu kuwa haipo.

Hatua ya 5: Panga marejesho yanayobebeka

Kosa la kawaida ni kudai rejesho kwa kuangalia mauzo. Tuseme anauza 400 kwa wiki. Kati ya hizo, 280 lazima zirudi kununua mzigo, la sivyo wiki ijayo hakuna cha kuuza. Pango, umeme na msaidizi ni 60. Nyumbani kwake wanahitaji 40. Inabaki 20. Deni la 900 kwa 20 kila wiki ni wiki 45, karibu mwaka mzima. Inauma. Lakini ukimlazimisha 100 kwa wiki atalipa wiki ya kwanza kwa hela ya mzigo, ya pili atalipa nusu, ya tatu hatapokea simu. Umepata 150 na umeua chanzo cha zile 750.

Kama mauzo yake hupanda na kushuka, asilimia ni bora kuliko kiasi maalumu. Asilimia 5 ya mauzo ni 20 wiki ya 400 na ni 30 wiki ya 600. Wiki mbaya haimtoroshi na wiki nzuri inakunufaisha. Sharti lake ni kuaminiana kwenye hesabu, kwa hiyo muuzaji asiyeandika mauzo yake hawezi kupewa mpango huu. Mpe kiasi maalumu, kidogo.

Mkisaini, mambo haya yasikosekane: rejesho la kwanza lilipwe siku hiyo hiyo, hata likiwa dogo, siku ya kulipa iwe ile anayopata pesa, na akiruka marejesho mawili mfululizo, salio lote linadaiwa mara moja. Omba pia dhamana au mdhamini. Hukuomba mwanzoni, sasa una sababu. Mdhamini naye atie sahihi na aelewe kuwa analipa yeye mwenzake akishindwa, maana wengi husaini wakidhani wanamtambulisha tu. Dhamana ya kifaa iandikwe kwa jina na namba yake, na kama nchi yako ina daftari la kusajili dhamana za mali zinazohamishika, isajili. Usiposajili, mdai mwingine aliyesajili anaweza kukutangulia.

Kuhusu riba na faini: usiziongeze kwa hasira. Riba ambayo hamkukubaliana ni vigumu kuidai, na riba ya kupindukia huweza kukataliwa na mahakama. Katika nchi nyingi pia, kukopesha kwa riba kama shughuli ya kila siku kunahitaji leseni, na ukiishapeleka kesi utaulizwa.

Na kuna ombi litakalokuja, litakuja kwa hakika: "Niongezee kidogo ninunue mzigo, ndipo nikulipe zote." Kataa. Ukitaka kweli kumsaidia, nunua wewe mwenyewe bidhaa yenye mnunuzi anayejulikana, pesa ya mauzo ije kwako kwanza. Fedha taslimu, hapana.

Hatua ya 6: Barua ya madai

Mpango ukivunjwa, au akianza kukupiga danadana tangu mwanzo, acha kupiga simu. Simu ya kumi haina nguvu kuliko ya tatu, inakuchosha wewe tu. Andika barua:

"Tarehe 3 Machi nilikukopesha 1,200 kupitia akaunti ya benki. Hadi leo umerudisha 340 na salio ni 860. Tarehe 10 Agosti ulitia sahihi makubaliano ya kulipa 20 kila wiki, na umelipa wiki 2 tu. Nakutaka ulipe salio lote, au unijibu kwa maandishi na pendekezo la malipo, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Usipofanya hivyo nitafungua madai mahakamani bila taarifa nyingine, na nitaomba pia gharama za kesi."

Hakuna tusi, hakuna historia ya urafiki. Ipeleke kwa njia inayoacha alama: rejesta ya posta, au mkononi na asaini nakala yako. Barua hii ataisoma yeye, lakini iandike ukijua hakimu ataisoma pia.

Yafuatayo usiyafanye, hata ukichemka. Usibebe mali yake dukani kama "fidia" bila ridhaa yake au amri ya mahakama; utageuka wewe kuwa mshtakiwa. Usimtangaze mtandaoni kwa jina na picha. Sheria za kashfa na za faragha zitamkinga yeye. Usimtishie jela pia. Kushindwa kulipa mkopo ni dai la madai, si jinai, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Ni tofauti alipokudanganya tangu mwanzo, kwa mfano hati za kughushi au biashara ambayo haikuwahi kuwepo. Hapo ni polisi, na ushahidi mkononi.

Hatua ya 7: Msuluhishi au mahakama

Kabla ya kesi, jaribu mtu wa tatu ambaye nyote mnamheshimu. Yakifikiwa, yaandikwe na yasainiwe. Msipoafikiana, nchi nyingi zina mahakama za madai madogo zilizoundwa kwa mambo kama haya. Kenya, chini ya Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, kikomo ni shilingi milioni 1 na kesi inapaswa kumalizika ndani ya siku 60. Uingereza na Wales, utaratibu wa madai madogo hupokea hadi pauni 10,000. Afrika Kusini kikomo ni randi 20,000, na huko huruhusiwi kuwakilishwa na wakili; unasimama mwenyewe.

Ila jiulize kwanza: nikishinda, nitakamata nini? Hukumu ni karatasi. Asipolipa kwa hiari, ni wewe unayerudi mahakamani kuomba kuikaza: kuzuia akaunti yake, kukata mshahara kama anao, au dalali wa mahakama auze mali. Sheria nyingi hulinda baadhi ya vitu, kama nguo, vyombo vya nyumbani na zana za kazi hadi kiasi fulani. Kama hana akaunti, hana mali na duka ni la kupanga, kesi inaweza kukugharimu kuliko utakachopata. Hapo afadhali ubaki na hati ya kukiri deni inayohuishwa kila mara kabla ukomo haujafika, umsubiri ainuke.

Akifunga biashara au akitangazwa muflisi, usikae pembeni. Peleka dai lako kwa mfilisi kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na ile karatasi ya safu nne. Kwa kawaida wenye dhamana hutangulia kwenye mali waliyowekewa, kisha gharama za ufilisi na madai yenye kipaumbele kama mishahara, na wewe usiye na dhamana unakuja baadaye. Akikuita kando akulipe kimya kimya siku chache kabla ya kufilisika, fahamu kuwa mfilisi anaweza kuja kuidai pesa hiyo irudi kwenye fungu la wote, hasa kama wewe ni ndugu yake.

Hatua ya 8: Kufunga hesabu

Akikupa 500 leo badala ya 860 za miezi mingi, piga hesabu bila kinyongo: gharama za kesi, muda wako, na uwezekano wa kupata zote. Mara nyingi 500 za leo ndizo nyingi. Ukikubali, andikeni kuwa ni malipo ya mwisho na deni limekwisha, lakini saini baada ya pesa kuingia. Ukiamua kusamehe lote, samehe kwa maandishi pia, kwa sababu msamaha wa nusu nusu, unaorudi kila mkigombana, hauwasaidii nyote wawili.

Na akilipa yote, siku hiyo hiyo mpe risiti ya mwisho inayosema hadaiwi tena, mrudishie kifaa au hati aliyoweka dhamana, futa usajili wa dhamana kama uliusajili, na umpigie mdhamini umjulishe kuwa yuko huru.